Daftari la ndege shuleni Djugu

Mwaka 1942, katika misitu ya nyanda za juu za Djugu, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, zilikusanywa ngozi za ndege mdogo asiyefikia sentimita 10, mwenye mkia mfupi hivi kwamba utadhani umekatika. Mwaka 1947 Henri Schouteden wa Ubelgiji alimpa jina la chapini, kwa heshima ya Mmarekani James Chapin. Hadi leo wataalamu hawajakubaliana kama ni spishi kamili. Msitu wake nao umebaki vipande vipande kati ya mashamba, malisho na kalitusi. Elimu ya ndege wa Djugu imekaa mno katika makabati ya Ulaya. Mahali pa kuirudisha ni shuleni, maana wanafunzi na walimu wapo pale msimu hadi msimu.

Chapin mwenyewe ni mwalimu mzuri wa kutazama kwanza na kutaja jina baadaye. Mwaka 1913, huko Avakubi, kando ya mto Ituri, aliona kwenye kofia unyoya asioutambua. Hakuubabaishia jina, aliuhifadhi. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, akakuta ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya kama ule. Ndipo dunia ya sayansi ikamjua tausi wa Kongo. Mwanafunzi naye aandike daftarini alichokiona: ukubwa, mdomo, mkia, sauti, ndege alikuwa akifanya nini, saa ngapi. Jina litafuata.

Kwa ukubwa, vipimo vinatosha vitatu: shore, yangeyange na mwewe. Je, huyu ni mkubwa kuliko shore? Shore mwenyewe hatampoteza mtu: kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, kelele tangu alfajiri. Kwera ndio wenye taabu. Dume hung'aa manjano wakati wa kujenga kiota, kisha msimu ukipita hufifia akafanana na jike. Hapo rangi haisaidii. Tazama mdomo mnene na namna kiota kilivyosukwa.

Majina ya Kilendu, Kihema na Kialuri yaandikwe yote, pamoja na kijiji yalikotoka. Wazee waulizwe. Na wale vijana wa manati wasifukuzwe: wanajua kiota kiko wapi kuliko mwalimu, na ningewapa wao daftari kwanza.

Tangu mwishoni mwa 2017 vita vimehamisha familia nyingi za Djugu, na shule kadhaa zimefungwa au kuhama. Kwa hiyo siwatumi watoto msituni. Uwanja wa shule unatosha, hata wa kambini au Bunia mjini, ambako mwewe na kunguru hawakosekani.

Mbayuwayu wa Ulaya hutufikia kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, na hurudi kwao kabla masika hayajaisha. Darasa linaloandika kila mwaka siku walipoonekana mara ya kwanza linaanza kujenga kumbukumbu ambayo hakuna mtafiti mgeni wa wiki mbili atakayeweza kuipata.