Karo ya Mtoto Maskini Yahitaji Hazina ya Kudumu

Kila mwaka, barua za kuitwa shuleni zinapofika, ziko nyumba nyingi katika Kenya ambazo hupata furaha na huzuni siku ile ile. Mtoto amefaulu mtihani, shule nzuri imekubali kumpokea, lakini karo haimo nyumbani. Ndipo jamaa na majirani huitwa, kikapu huzungushwa, chai hunywewa, hotuba hutolewa, na mtoto huondoka kijijini na sanduku jipya. Hayo ni mambo ya kusifiwa. Lakini masomo ya sekondari si ya muhula mmoja. Mwaka wa pili kikapu hakizungushwi tena, na kijana aliyesindikizwa kwa nyimbo hurudi kimya kimya, akangoje fedha ambazo hazina mtu wa kuzitafuta.

Shida hii ni nzito zaidi katika shule za kibinafsi, ambazo haziendeshwi na serikali. Shule za namna hiyo huishi kwa karo. Mshahara wa mwalimu, unga wa ugali, kuni za jikoni na vitabu vya maktaba, vyote hutoka katika mfuko huo mmoja. Mwalimu mkuu akimpokea mtoto asiye na kitu, hana budi kuongeza karo ya wengine au kutafuta watu wenye moyo wa kutoa. Msaada huo wa karo ndio uitwao basari. Shule nyingi zimejaribu kuanzisha basari, na baadhi zimefaulu kwa miaka mingi. Yafaa kutazama jinsi zilivyofanya.

KINU CHA MTO IRK

Katika mji wa Manchester, Uingereza, iko shule iliyoanzishwa mwaka 1515 na Hugh Oldham, askofu wa Exeter, ili wavulana wa huko wapate elimu bila malipo. Askofu huyo alielewa jambo ambalo wakulima hulielewa upesi: mtu akila mbegu, mwaka ujao hana cha kupanda. Kwa hiyo shule ilipewa mapato ya vinu vya kusagia nafaka vilivyokuwa katika Mto Irk. Watu walileta nafaka zao, wakalipa, na malipo hayo yakawalisha walimu. Vinu vilisaga mwaka huu, vikasaga na mwaka uliofuata. Askofu alifariki mwaka 1519, lakini wavulana waliendelea kufundishwa.

Karne zilipopita, mapato ya namna hiyo hayakutosha tena, na shule ikategemea karo pamoja na msaada wa serikali. Mwaka 1980 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu serikali kulipa karo, yote au sehemu yake, kwa watoto werevu wa wazazi wenye mapato madogo waliosoma katika shule za kibinafsi. Maelfu ya watoto walifaidika. Lakini mwaka 1997 serikali nyingine ilishika madaraka, nayo ikapitisha sheria ya kuukomesha mpango huo. Watoto waliokwisha kuingia waliachwa waendelee, lakini mlango ulifungwa kwa waliokuwa nyuma yao. Shule ya Manchester ikawageukia wanafunzi wake wa zamani na rafiki zake, ikawaomba wachangie hazina yake yenyewe ya basari. Hapa pana fundisho: msaada ulioshikwa na mkono mmoja huanguka mkono huo ukiondolewa.

MTOTO MMOJA, MFADHILI MMOJA

Nairobi nako kuna mfano ujulikanao sana. Mwezi wa Novemba mwaka 1959, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walifungua kituo cha Starehe kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakizurura mitaani. Walianza na vibanda viwili vya mabati, vilivyotolewa na makampuni ya mafuta ya Shell na BP. Kutokana na vibanda hivyo ilikua shule ambayo wanafunzi wake wamehesabiwa mara nyingi miongoni mwa washindi wa mitihani ya taifa.

Njia yao ilikuwa kumtafutia kila mvulana asiyejiweza mfadhili wake. Chama cha Save the Children cha Uingereza kilisaidia sana katika kazi hiyo. Mfadhili hakuombwa kujenga ukuta wala kuandikwa jina lake juu ya mlango. Aliombwa kumlipia mtoto mmoja, naye akapata habari za maendeleo yake. Mtu anayejua kwamba mtoto fulani amepanda darasa kwa sababu ya shilingi zake haachi upesi kutoa. Wazazi wenye uwezo nao walilipa, kila mmoja kwa kadiri ya pato lake, na mtoto wa tajiri akalala katika bweni moja na mtoto wa maskini, wote katika sare moja. Mwaka 2005 kituo cha wasichana kilifunguliwa, na mwaka huo huo Bwana Griffin alifariki. Kazi haikufa pamoja naye.

Hata hivyo, njia hii ina hatari yake. Mfadhili naye huzeeka, hufa, au hupoteza kazi. Kwa hiyo shule yenye busara huweka kando akiba ya pamoja, ili mtoto asifukuzwe kwa sababu ya msiba uliotokea katika nyumba ya mtu asiyemjua.

NAULI NAYO NI SEHEMU YA KARO

Tena watu husahau kwamba nafasi ya bure si bure kabisa. Mwezi wa Septemba mwaka 1959, vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda kusoma Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake. Vyuo vya huko vilikuwa vimewapa nafasi za masomo, lakini nafasi hizo zingekuwa karatasi tupu kama isingepatikana nauli. Huko Marekani watu mashuhuri watatu, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia sahihi zao katika barua ya kuomba michango, na hapa nyumbani jamaa za vijana walichangishana.

Ndivyo ilivyo hata leo kwa mtoto wa basari. Karo ikilipwa, bado kuna viatu, blanketi, godoro, nauli ya kwenda na kurudi kila muhula, na fedha za matibabu. Kamati inayolipa karo peke yake humweka mtoto darasani akiwa na viatu vilivyotoboka, na mtoto mwenye haya huweza kuacha shule kwa sababu ya kiatu. Yafaa gharama hizo zote zihesabiwe kabla mchango haujaanza.

HESABU YA HAZINA

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme karo na mahitaji yote ya mtoto mmoja ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne, kama bei hazikupanda, zahitajika shilingi 240,000. Kamati iliyokusanya fedha hizo itamsomesha mtoto mmoja mpaka mwisho, kisha sanduku litakuwa tupu.

Sasa tuseme kamati nyingine imekusanya shilingi 1,000,000, ikazinunulia hatifungani za serikali au ikaziweka katika chama imara cha akiba na mikopo, zikapata faida ya shilingi 10 kwa kila 100. Kila mwaka zitapatikana shilingi 100,000. Shilingi 60,000 zitamlipia mtoto, na 40,000 zitarudishwa katika mtaji, kwa kuwa bei hupanda na hazina isiyokua hupungua nguvu. Mtoto wa kwanza akimaliza, wa pili ataingia, na mtaji haujaguswa. Hicho ndicho kinu cha Mto Irk katika sura nyingine.

Shilingi 1,000,000 ni nyingi kwa mtu mmoja, lakini nyumba 200 zikitoa shilingi 100 kila mwezi, hupatikana 20,000 kwa mwezi na 240,000 kwa mwaka. Katika miaka minne zitakuwa 960,000, na faida iliyopatikana njiani itaweza kujaza pengo. Watu wakisema kwamba mtoto wa leo hawezi kungoja miaka minne, wanasema kweli. Kwa sababu hiyo kamati nyingi hupendelea kutumia njia zote mbili: wafadhili wa mtoto mmoja mmoja kwa haja ya leo, na hazina kwa haja ya kesho.

JINSI YA KUOMBA

Mwenye kuomba hana budi kujua fedha huingia lini katika mikono ya watu. Mkulima wa majani ya chai huwa na fedha wakati wa bonasi, na mkulima wa kahawa wakati chama cha ushirika kinapolipa. Karani hupata mshahara mwisho wa mwezi, na kwake ni rahisi kutia sahihi ili benki ikate kiasi kidogo kila mwezi kuliko kutoa fedha nyingi kwa siku moja. Ahadi ndogo iliyoandikwa hushinda ahadi kubwa iliyopigiwa makofi.

Pamoja na hayo, fedha za basari ziwe na akaunti yake, mbali na fedha za majengo. Wadhamini wasiwe walimu peke yao, na asiwepo mtu awezaye kutoa fedha kwa sahihi yake tu. Hesabu zikaguliwe kila mwaka na kusomwa mbele ya waliotoa. Wanaochagua watoto wazitembelee nyumba zao, tena mwanakamati ambaye mtoto wake au wa ndugu yake anaomba na atoke nje ya chumba. Tena heshima ya mtoto ilindwe. Hakuna faida kumsimamisha mbele ya mkutano na kuutangaza umaskini wa mama yake ili watu wafungue mikoba.

Mwisho, kamati isimpokee mtoto mpaka ijue miaka yake yote italipwa na nani. Kumpa kijana mwaka mmoja wa masomo na kumnyima mitatu ni kumwonyesha ng'ambo ya mto na kumwacha katikati ya maji. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, na kweli hujaza. Lakini kibaba kilichotoboka hakijai hata kikimwagiwa gunia zima.