Neno Lililoniondoa Barazani

Pwani hatuna uhaba wa rai. Pita baina ya Alasiri na Magharibi katika mtaa wowote wa Mombasa, iwe Kibokoni, iwe Kuze, iwe Majengo, utawakuta watu wazima wamekaa juu ya baraza wakiiendesha dunia. Huyu amemwondoa rais wa nchi ya mbali, yule amepanga bei ya unga, na mwengine amekwisha toa hukumu ya kesi ambayo mahakimu wenyewe hawajaisikiza. Lakini hebu tega sikio vizuri, msomaji. Rai zote hizo zaelekea upande mmoja. Akisema mtu kwamba serikali yatuonea, wote huitikia. Akisema mwengine kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu, wote hutikisa vichwa. Ama ile rai ya kuwachoma waliokaa pale pale, mwenye nayo huimeza pamoja na kahawa tungu, akenda zake nyumbani akamwambia mkewe.

Nami nalikuwa mmoja wa wamezaji hao kwa miaka mingi, hadi mwezi wa Mei 2024 nilipoitema.

Msomaji ataukumbuka mwezi huo. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Sheriff Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku kuingiza na kuuza muguka katika kaunti yake. Kilifi ikafuata, na Taita Taveta nayo. Mwezi haujesha, Rais William Ruto akakutana na viongozi wa Embu Ikulu, akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Basi mji ukawaka. Misikitini, katika feri ya Likoni, ndani ya matatu, kwa kinyozi, hapakuwa na jambo jingine. Watu wa bara wametuletea sumu, na sasa hata kuikataa tumekatazwa! Hiyo ndiyo iliyokuwa rai ya kila mtu, na barazani kwetu ilirudiwa kila jioni kama uradi.

Jioni moja nikauliza, "Mabwana, na nyumba zenye vibanda vya muguka ni za nani?"

Muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake.

Kwa msomaji asiyeujua undani wa biashara hii, yafaa nieleze kidogo. Muguka na miraa ni mti mmoja. Miraa ya Meru, ile ya Igembe na Tigania, huchumwa vijiti, na mlaji hutafuna ganda laini la kijiti. Muguka hutoka Mbeere, upande wa chini wa Embu ambako mvua ni haba, nao huchumwa majani. Kinachomkesha mlaji ni dawa iitwayo kathinoni, nayo hupungua upesi jani likinyauka. Ndiyo maana magari yake hukimbia kama yanayofukuzwa. Na likishafika Mombasa, jani hilo lataka mahali pa kuuziwa palipo karibu na watu, penye kivuli, na penye mlango wa kufungwa usiku. Mkulima wa Mbeere hana mahali hapo. Dereva hana. Mwenye napo ni sisi tulio na nyumba za Kiswahili huku Majengo, Kisauni na Likoni, ambao chumba chetu cha mbele kimeelekea njia.

Kodi yake ni tamu. Fundi cherehani hulipa akipata kazi, na Idi ikishapita hana kazi. Mwenye duka la vitu vidogo vidogo hulipa nusu leo, nusu inshallah. Muuza muguka hulipa tarehe moja, akitakwa hulipa miezi mitatu mbele, wala hagombi juu ya bati linalovuja.

Haya ndiyo niliyoyasema. Sikusema muguka ni mwema. Nimewaona vijana niliowajua wangali wakibebwa mgongoni, leo wamekaa juu ya mawe tangu asubuhi, shavu limevimba, macho makavu, na mama zao wapita wakijifanya hawakuwaona. Wala sikusema gavana alikosea kujaribu. Nilisema tu kwamba amri ya kaunti yaweza kusimamishwa na mahakama, na ikasimamishwa kweli. Lakini mwenye nyumba akikataa kukodisha chumba chake, mahakama gani itakayomlazimisha? Jambo hilo halitaki sahihi ya gavana wala ruhusa ya Nairobi.

Ningelikoma hapo pengine ningelisamehewa. Lakini ulimi ukishateleza hutaka kumaliza safari. Barazani kwetu, msomaji, usiku wa mapumziko hufunguliwa majani ya mgomba, na ndani yake mna vijiti vya Meru. Arusi ya mtu mwenye nafasi ikikosa miraa upande wa wanaume, wageni hunung'unika mwaka mzima. Nikawauliza: kijana wa bodaboda akila majani ya shilingi 50 ni mhuni, na bwana akila vijiti vya shilingi 1,000 ni mazungumzo? Tofauti yao ni nini isipokuwa bei?

"Mwanangu," akasema mzee mmoja, na aliponiita hivyo nilijua amekasirika, maana siku zote huniita kwa jina, "wataka kutufananisha na wale watoto wanaolala mitaroni?"

Mwengine, aliyesoma, alinijibu kwa ilimu. Alisema miraa wanavyuoni wamehitilafiana juu yake. Ni kweli, na hitilafu yenyewe ni ya zamani sana. Ibn Hajar al-Haytami, aliyeishi Makka katika karne ya 16, aliandika risala nzima juu ya mmea huu kwa sababu ya mabishano ya watu wa Yemen, wengine wakiuhalalisha na wengine wakiuharimisha, naye akawaonya watu wajiepushe nao. Lakini hitilafu ile ilikuwa juu ya mmea. Mimi sijapata kumsoma mwanachuoni aliyesema kijiti ni halali na jani ni haramu.

Hapo ndipo mzee mwengine, mpole kuliko wote, mtu aliyemzika mamangu kwa mikono yake, akaniuliza swali ambalo hadi leo nalisikia. "Na chumba cha mbele cha marehemu mamako, kule Majengo," akasema, "kina nani siku hizi?"

Alikuwa akijua. Nami nalikuwa nikijua. Kilikuwa na muuza muguka, na huo ulikuwa mwaka wa tatu.

Nikasema kweli. Watu wakacheka, si cheko la furaha, nikavaa viatu vyangu nikaondoka. Tangu siku ile hadi miezi minne baadaye sikukaa barazani.

Mji huu si mgeni wa watu wanaosema yasiyopendwa. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake ya Kiswahili, Sahifa, hapa hapa Mombasa, na mwaka 1932 akatoa al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Zama zile alikuwako Mwingereza, na la kumlaumu Mwingereza halikukosekana. Lakini ukimsoma Sheikh utaona mara nyingi kidole chake chamwelekea Muislamu wa Pwani mwenyewe: israfu yake, uvivu wake, kughafilika kwake na elimu ya watoto wake, wa kike na wa kiume. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa kitabuni mwaka 1944 kwa jina la Uwongozi. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, na leo hapana baraza isiyomsifu. Nadhani twamsifu kwa wepesi kwa kuwa wale aliokuwa akiwakosoa nao pia wamekwisha kufa, na kila mmoja wetu yuaamini kuwa maneno yale yalikuwa ya babu wa mtu mwengine.

Yuko pia Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, ambaye mwaka 1968 aliandika karatasi yenye jina la Kenya: Twendapi? akafungwa jela miaka mitatu. Hiyo ilikuwa rai ya kuiudhi serikali. Rai ya kuwaudhi jirani malipo yake ni madogo, na pengine ndiyo maana yatutisha zaidi. Jirani hakufungi. Hukuitikia salamu kwa nusu, na siku ya karamu ya mwanawe kadi yako husahauliwa.

Lakini sina haki ya kujiweka karibu na majina hayo, maana mimi niliwanyoshea watu kidole hali mkono wenyewe ulikuwa na uchafu. Basi asubuhi ya pili nilikwenda Majengo.

Dadangu ni mjane, na watoto wake wawili wangali shuleni. Katika mirathi ya nyumba ile mimi nina mafungu mawili na yeye ana fungu moja, lakini kodi nilimwachia yote, nikajiona mkarimu. Sikupata kuuliza yatoka kwa nani. Nilipojua, nilinyamaza. Siku hiyo nikamweleza yote niliyoyasema barazani, naye alinisikiza hadi mwisho huku akichambua mchele, kisha akasema, "Kaka, wewe una pensheni. Ukitoa rai, sufuria lako halitikisiki. Rai yako hiyo, wa kuilipia ni mimi."

Nimebishana na watu wengi maishani mwangu, sijapata kujibiwa hivyo. Tulikaa, tukapiga hesabu juu ya sinia. Muuza muguka alikuwa akilipa shilingi 7,000. Fundi cherehani mmoja, kijana wa mtaa ule ule, alikuwa tayari kwa 4,000. Pengo ni 3,000 kila mwezi. Dadangu aliniuliza kama pengo hilo nalo lina rai yoyote. Nikasema nitalitoa mimi. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa aliyesema amepona, akasema, "Haya. Tutaona mwezi wa nne."

Muuza muguka tulimpa muda wa miezi miwili. Ni kijana mwenye heshima, tangu alipopanga pale hakupata kumjibu dadangu vibaya. Nilipomwambia alisema, "Sawa, Ami," na hilo "Ami" lilinichoma kuliko angelinitukana.

Sasa lililonistaajabisha ni hili. Barazani nilikuwa nimeshahamwa, lakini watu wakaanza kunijia nyumbani, mmoja mmoja, baada ya Isha. Nalidhani waja kunisuta. Kumbe kila mmoja amekuja na rai yake iliyomkaa moyoni. Mmoja, ambaye kila mwisho wa Ramadhani huwa mkali kabisa juu ya mwezi wa kufungulia, aliniambia kuwa moyoni mwake angependa afuate tangazo la Kadhi Mkuu, mji usali Idi siku moja, ila aona haya kwa nduguze. Mama mmoja, mpishi wa shughuli, aliniambia kuwa pilau ya hitima inayopikwa nyumbani kwa mayatima humkaba roho kila anapoipakua, ingawa ndiyo riziki yake. Mwalimu wa Kiswahili akaninong'oneza kwamba darasani mwake watoto wa kutoka bara huwapita watoto wetu kwa insha, kwa kuwa wao hukaa wakaisoma lugha na wetu hudhani wamezaliwa wakiijua. Nilimwuliza kwa nini hayasemi hayo kwenye mkutano wa wazazi. Alicheka tu.

Na wote walimaliza kwa neno moja: "Lakini usinitaje." Sijawataja.

Wasia wa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa Abu Dharri, kwamba aseme haki ijapokuwa ni chungu, hao wote wanaujua kuliko mimi. Wengine wao ndio walionifundisha. Sidhani wanaogopa uchungu wa haki yenyewe. Wanaogopa lile swali la yule mzee mpole, maana kila mtu ana chumba chake cha mbele, na aliye barazani akijua kilichomo huwezi kusema kitu.

Mwezi wa nne ulifika, na wa tano. Fundi cherehani hulipa kwa kuchelewa, nami hulipa pengo langu, mara mbili nikikopa. Dadangu bado hajaniambia kuwa nilifanya vyema, na sitaraji. Ila mwanawe mkubwa sasa hukaa na fundi jioni, na ameshajifunza kukata kanzu.

Nimerudi barazani. Salamu huitikiwa, si kwa ukamilifu, lakini huitikiwa. Muuza kahawa hunipa kikombe bila ya kuuliza kama zamani. Mazungumzo ni yale yale, unga, mpira na serikali.

Yule kijana wa muguka hakwenda mbali. Alihamia nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtaa ule ule wa Majengo, na nasikia amelipa miezi sita mbele. Mwenye nyumba hiyo namjua. Hukaa nasi kila jioni, upande wa kulia, karibu na birika.