Mdakaji Asiyeteuliwa: Je, Nafasi Yake Yaweza Kupimwa?

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, timu 32 za ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, NFL, huteua kwa siku tatu vijana waliomaliza kucheza katika vyuo vikuu. Uteuzi huo una mizunguko saba, na majina yanayotajwa ni takriban 260. Wengine, ambao ni maelfu, hawatajwi. Miongoni mwao wamo wadakaji wa pembeni, yaani wachezaji ambao kazi yao ni kukimbia mbele, kumtoroka mlinzi na kudaka mpira unaorushwa kutoka nyuma. Mdakaji wa namna hiyo aweza kupigiwa simu na timu mara tu uteuzi umalizikapo, akapewa mkataba wenye dhamana ndogo ya fedha, kisha akaitwa kambini. Kambini huwamo watu hadi 90. Mwisho wa Agosti hubakizwa 53, na wadakaji kati yao aghalabu ni watano au sita.

Jamaa na wapenzi wa mchezo humtia moyo kijana huyo kwa kumtajia majina. Rod Smith hakuteuliwa mwaka 1994, naye akawa mchezaji wa kwanza wa aina yake kufikisha yadi 10,000 za kupokea. Victor Cruz hakuteuliwa mwaka 2010. Msimu uliofuata alipata yadi 1,536 na timu yake ya New York Giants ikatwaa ubingwa. Mifano hiyo ni ya kweli, lakini kama ushahidi ina kasoro kubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanatakwimu Abraham Wald alishughulika na namna ya kukadiria udhaifu wa ndege za kivita kwa kutazama matundu ya risasi katika zile zilizorejea. Ugumu ulikuwa kwamba zilizoanguka hazikuweza kukaguliwa. Smith na Cruz ni ndege zilizorejea. Wadakaji waliorudi makwao mwezi wa Agosti hakuna anayewahesabu.

Hivyo basi, mpimaji makini huanza na kundi zima kabla ya kumtazama mtu mmoja. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba katika wadakaji 100 wasioteuliwa watano wana uwezo wa kweli wa kucheza katika ligi hiyo. Ichukuliwe pia kwamba kipo kipimo kizuri, kinachowatambua wanne kati ya hao watano, lakini ambacho humpitisha kimakosa mmoja katika kila watano wasio na uwezo. Watakaopita ni wanne wenye uwezo pamoja na 19 wasio nao, jumla 23. Kwa hiyo, aliyefaulu kipimo hicho ana nafasi ya 4 kwa 23, yaani asilimia 17 hivi. Nafasi yake imeongezeka zaidi ya mara tatu, na bado ni ndogo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1973 kwamba watu husahau kwa urahisi idadi ya kundi zima mara wanapopewa maelezo ya kuvutia kuhusu mtu mmoja.

Sasa, kipimo chenyewe kiwe kipi? Kinachopendwa mno ni mbio za yadi 40, sawa na meta 36.6, ambazo hupimwa kwa sehemu za mia za sekunde. Mwaka 2017 John Ross alizikimbia kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo, na akateuliwa wa tisa katika nchi nzima. Hakufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote. Saa hupima mwendo wa mtu asiye na mlinzi mbele yake wala mpira wa kudaka.

Rekodi za chuoni hufaa zaidi, mradi zisomwe kwa uangalifu. Yadi 1,000 katika timu iliyorusha mpira kwa yadi 4,000 ni robo ya kazi yote. Yadi hizo hizo katika timu iliyorusha kwa yadi 2,000 ni nusu. Idadi ni moja, wachezaji ni wawili tofauti kabisa. Umri nao hauna budi kuzingatiwa, kwani kijana wa miaka 19 anayewashinda wa miaka 22 ameonyesha jambo ambalo mwenye miaka 23 anayewashinda wa miaka 19 hajalionyesha. Kadhalika nguvu ya wapinzani.

Lakini hata mwenye sifa zote hizo hukutana na kizuizi kisichotokana na mwili wake. Mwaka 1995 watafiti Barry Staw na Ha Hoang walichunguza mpira wa kikapu wa Marekani. Waligundua kwamba walioteuliwa mapema walipewa dakika nyingi zaidi uwanjani na kudumu zaidi katika ligi, hata pale uchezaji wao ulipolingana na wa wenzao walioteuliwa baadaye. Gharama iliyokwisha kulipwa iliendelea kumtetea mchezaji. Katika kandanda yenyewe, Cade Massey na Richard Thaler walikuta kwamba mchezaji aliyeteuliwa humzidi anayemfuata katika nafasi ile ile ya uchezaji mara 52 tu katika 100, jambo linalokaribia kurusha sarafu. Tofauti ya uwezo ni ndogo. Tofauti ya subira wanayopewa ni kubwa. Asiyeteuliwa huenda akarushiwa mipira michache tu katika michezo ya majaribio, na akiangusha mmoja kati ya mitano huhesabiwa kuwa ameshindwa, ingawa majaribio matano hayatoshi kuthibitisha lolote.

Kwa sababu hiyo, swali lenye manufaa zaidi huenda likawa hili: timu inayomwita ina upungufu gani, na je, aweza kufanya kazi nyingine zaidi ya kudaka? Wes Welker, mwenye kimo cha sentimeta 175 hivi, hakuteuliwa mwaka 2004. San Diego Chargers walimwacha baada ya mchezo mmoja, Miami Dolphins wakamchukua. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mpigaji wa mpira wa timu hiyo aliumia, naye Welker akapiga mipira badala yake na kufunga, juu ya kazi yake ya kurudisha mipira ya wapinzani. Hakudaka mpira hata mmoja katika msimu huo. Alipomaliza kucheza alikuwa amedaka 903.