Waya za Kunyoshea Meno

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alirudi kutoka likizo ana waya menoni, na mara akapewa jina la "Senyenge". Alipochoka kuchekwa, alinifuata karakanani akaniomba nimkazie waya kwa koleo ili meno yake yanyoke upesi. Nilikataa, na sababu yake nataka kuieleza hapa.

Jino halikupigiliwa kama msumari ubaoni. Limeshikwa katika mfupa wa taya kwa nyuzi nyembamba sana. Waya ikilisukuma kidogo kidogo, mfupa wa mbele huondoka, na nyuma hujengwa mfupa mpya. Ndivyo jino linavyohama. Lakini likisukumwa kwa nguvu nyingi, mishipa ya damu hubanwa, jino hukwama, na mzizi wake waweza hata kufupika. Basi nguvu nyingi si upesi.

Kwa hiyo daktari hutumia waya za namna mbalimbali. Ya kwanza kwa kawaida ni ya nikeli na titaniamu. Mchanganyiko huo ulivumbuliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na George Andreasen wa Iowa akauleta kwenye meno katika miaka ya 1970. Waya hiyo ni laini. Ukiipinda hurudia umbo lake, nayo huvuta jino taratibu kwa majuma mengi. Kasoro yake ni kwamba si rahisi kuikunja upendavyo.

Meno yakiisha kupangana, hufuata waya ya chuma cha pua, yaani chuma kilichotiwa kromiamu na nikeli kisishike kutu. Hiyo ni kakamavu, na daktari akiikunja hubaki alivyoikunja. Katikati ya hizo mbili iko ya titaniamu na molibdenamu: ukakamavu wake ni kama theluthi moja ya ule wa chuma, na kwa kuwa haina nikeli, huwafaa watu wanaodhuriwa na nikeli.

Unene nao una neno. Waya ya mviringo ikiongezwa unene mara 2, ukakamavu wake huongezeka mara 16! Ndiyo maana daktari huanza na nyembamba, kama ya milimita 0.36, kisha hupanda hatua kwa hatua.

Mwenzetu alielewa, akarudisha koleo mahali pake. Nasi tuache kumwita Senyenge. Kazi iendeleayo kinywani mwake yataka subira, na pole pole ndio mwendo.