Pikipiki Imepambwa: Je, Nyumbani Kumeingia Nini?

Asubuhi, simama katika njia inayotoka Baraka, pale inapoliacha ziwa Tanganika na kuelekea milima ya Fizi. Utazisikia pikipiki kabla hujaziona. Ya kwanza imefungwa taa za rangi mbele na nyuma. Ya pili ina maua ya plastiki katika usukani, vioo vinne, na spika yenye sauti kuishinda injini. Ya tatu haina urembo wo wote, ila nyuma yake imechomelewa karia pana ya chuma, na juu yake zimefungwa bidoni za mawese. Kiwandani hazikutoka hivyo; wenyewe wamezibadili, na kila mmoja ametoa fedha. Basi twauliza: ni nani kati yao aliyetumia fedha yake vema?

Hatusemi kwamba urembo ni kosa. Hata mvuvi wa Baraka hupaka mtumbwi wake rangi na kuuandika jina, naye hufurahi ukitambulikana kwa mbali. Lakini mvuvi mwenye akili hapaki rangi mtumbwi unaovuja. Kwanza huziba tundu.

Vijana wa nchi nyingine nao walizipenda pikipiki zao. Huko Marekani, vita ilipokwisha mwaka 1945, watu wengi walinunua pikipiki za jeshi, wakakata vikinga tope na kuondoa kila kitu kizito ili zikimbie zaidi. Huko Uingereza, katika miaka ya 1960, vijana walizijaza Vespa na Lambretta zao taa na vioo tele. Lakini wengi wao walipanda kwa starehe, siku ya mapumziko. Mmotari wetu hupanda kwa ajili ya unga. Akikata kikinga tope chake katika miezi ya mvua, abiria wake atafika Fizi amepakwa tope hadi shingoni, na kesho atamtafuta mwingine.

Kwa hiyo, kila kitu kinachotaka kuongezwa kipimwe kwa maswali matatu. Je, kitaleta fedha? Je, kitalinda uhai? Je, hakitaidhuru pikipiki yenyewe?

Tuanze na karia. Hiyo huleta fedha, maana huchukua mihogo, ndagala na mafuta. Lakini isiwe ndefu kupita kiasi. Mzigo ukikaa nyuma sana ya gurudumu, gurudumu la mbele huwa jepesi, na kwenye mlima laweza kuinuka na usukani usitii. Tena fundi afungue betri kabla ya kuchomelea, wala asiunguze ovyo chuma kikuu cha pikipiki, maana moto hudhoofisha chuma, nacho huja kukatika siku ya mzigo mzito.

Mtu wa milimani aweza pia kubadili gurudumu la meno la nyuma, lile linalovutwa na mnyororo, akaweka lenye meno mengi zaidi. Pikipiki itapanda kwa nguvu zaidi, ingawa kwenye tambarare mbio zake zitapungua. Na tairi lenye meno makubwa hushika tope vizuri. Vitu hivi havitazamwi na wasichana sokoni, lakini kilima huvijua.

Na zile taa nyingi na spika? Injini ndogo hutengeneza umeme kidogo. Ukiidai kupita uwezo wake, betri hufa mapema, na taa kubwa hufifia usiku, wakati ule ule unapoihitaji. Nyaya zikiungwa vibaya, zaweza hata kuwaka moto. Na yule anayetoboa bomba la moshi ili lingurume, ananunua kelele akidhani amenunua nguvu. Wagonjwa hawalali, wanafunzi hawasikii mwalimu, naye mwenyewe hasikii honi ya gari lililo nyuma yake.

Tuliwahi kumsikia kijana akimwambia fundi mmoja mzee, "Papa, unifungie taa hizi sita."

Mzee akauliza, "Mwanangu, breki zako zikoje?"

"Zinashika kidogo tu, Papa."

"Basi fedha hiyo ianzie chini. Ikibaki, tutapanda juu."

Kijana alinuna, hata hivyo breki zilitengenezwa kwanza. Twaona mzee yule alimpa zaidi ya alichoombwa.

Tuseme taa na spika zagharimu dola 60, na mmotari aweza kuweka akiba ya dola 1 kwa siku. Hapo amefunga katika usukani wake jasho la siku 60. Je, mke wake ameulizwa? Malipo ya shule ya watoto yamekwisha tolewa? Tena wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine, nao humpelekea mwenyewe fedha kila siku. Huyo apambaye pikipiki isiyo yake bila mapatano, siku atakayonyang'anywa, ataiona fedha yake ikiondoka barabarani chini ya mtu mwingine.

Kuna pambo moja tusilosita kulisifu, nalo ni kofia ngumu, yaani kaske. Wataalamu waliokusanya na kulinganisha uchunguzi wa nchi mbalimbali mwaka 2008 waliona kwamba kaske hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ziwe mbili, moja ya mmotari na moja ya abiria.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi, enyi vijana wa Fizi na Baraka, breki kwanza, tairi na kaske zifuate, kisha karia ya kazi. Nyumbani wakiisha kula na watoto wakiwa darasani, hapo kanunue maua yako ya plastiki, nasi tutakupungia mkono ukipita.