Je, Wajua? Chokaa Ndiyo Dawa ya Magofu ya Kilwa

Ukitoka Chiungutwa, ukapita Masasi na Lindi, kisha ukakunja kulia Nangurukuru hadi Kilwa Masoko, unabaki mwendo mfupi wa mashua kufika Kilwa Kisiwani. Hapo upo Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ilijengwa karne ya 11. Msafiri Ibn Battuta alifika kisiwani humo mwaka 1331.

Mtafiti Neville Chittick alianza kufukua magofu hayo mwishoni mwa miaka ya 1950. Akaonyesha ukubwa wa Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye birika la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari.

Wengi wetu tukiona ukuta umepasuka, tunakimbilia saruji. Kwa kuta hizi za matumbawe hiyo ni sumu! Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, nayo hufungia unyevu na chumvi ndani mpaka jiwe linamomonyoka. Ndiyo maana mafundi hurudi kwenye chokaa: matumbawe huchomwa kwa kuni, yakazimwa kwa maji, yakachanganywa na mchanga. Ukuta ukapumua tena.

UNESCO iliyatambua magofu haya kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati.

Ukienda na watoto, waambie wasipande kwenye kuta wala wasiokote hata kigae kimoja.