Kichwa, lami na sentimita chache za povu

Maswali ya wasomaji kuhusu kofia ngumu za bodaboda karibu yote yamebeba kisingizio kimoja: safari ni fupi, dereva anakwenda polepole, kofia ya nini? Anayesema hivyo anaamini kinachopasua kichwa ni mwendo wa pikipiki peke yake. Kichwa cha abiria aliyekaa kwenye siti kiko kama mita moja na nusu juu ya barabara. Pikipiki ikiteleza na kulala ubavu, mvutano wa dunia unatosha kukifikisha kichwa hicho kwenye lami kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama ikisubiri taa. Mwendo wa mbele ni deni jingine: ngozi hulilipa kwa msuguano barabara ikiwa wazi, na mwili mzima hulilipa mbele kukiwa na ukuta au ubavu wa lori. Mwendo kasi unaua, hilo halina ubishi. Ila kwenda polepole hakumshushi abiria kutoka kwenye ile mita moja na nusu.

Kilomita 20 kwa saa zinaonekana si kitu, kwa kuwa mkimbiaji hodari huzifikia na kusimama bila hata mchubuko. Yeye ana mita kadhaa za kupunguza kasi. Kichwa kitupu kwenye lami kina milimita chache. Kikisimama ndani ya milimita 2.5, kinapata kani ya kama mara 600 ya uzito wake. Kikipewa sentimita 2.5, kani inashuka hadi kama mara 60. Kichwa ni kilekile na kasi ni ileile. Kilichoongezeka ni nafasi ya kusimamia, na nafasi hiyo hutolewa na povu gumu jeupe la ndani, ndugu ya lile linalofungiwa televisheni kwenye boksi, kwa kukubali kupondeka. Wanunuzi hugonga gamba la nje kwa vidole na kusahau povu. Gamba nalo lina kazi: hutawanya pigo, na ulaini wake hupunguza msuguano ili kichwa kiteleze badala ya kunaswa na kusokotwa. Fuvu likigeuka ghafla ubongo hubaki nyuma, nyuzi za neva zikavutika hadi kukatika. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza fahamu kwa siku nyingi na fuvu lake halina hata ufa.

Kuna wanaodai kwamba kofia huvunja shingo. Dai hilo limepimwa. Uchunguzi wa Johns Hopkins wa mwaka 2011, uliopitia ajali zaidi ya 40,000 za Marekani, uliona waliovaa kofia wakiumia shingo kwa asilimia 22 pungufu kuliko wasiovaa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikuta kofia ikipunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hoja ya uchafu wa kofia za kuazima ina ukweli wake, lakini dawa yake ni kitambaa chepesi kichwani.

Nisichokivumilia ni wauza mizizi ya “kuyeyusha damu kichwani”, na wanaoapa kwamba asiyetoka damu ni mzima. Mshipa ukipasuka chini ya fuvu, majeruhi anaweza kuzungumza na kucheka, kisha akazimia saa chache baadaye. Akitapika, akisinzia ovyo au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali upesi, asikandwe.

Mengine ni mafupi. Mkanda ufungwe, maana kofia isiyofungwa huchomoka kabla kichwa hakijafika chini. Kofia ya mjengo haifai; imeundwa kwa tofali linalotoka juu. Na iliyokwisha kupiga lami ikatwe vipande, kwani povu lililopondeka haliinuki tena, na mafundi wa kuziba nyufa kwa gundi na kupuliza rangi mpya wanauza gamba tupu.